Soma Kwanza, Ndipo Upite

Jumatatu, 2 Aprili 1973

Masika yameingia na mimi nimeanza daftari jipya. Naitwa Yunis, mjane wa Nikodemo, mkulima wa kabichi, mwandishi na mwalimu wa Chama cha Kisomo na Farasi cha Kwemuungo. Jirani yangu Mwanaidi ameniuliza shajara ndiyo nini. Nikamwambia ni daftari la kusema mambo yako bila kukatizwa. Akasema, "Basi ya kwako itajaa upesi." Mwanaidi ana mdomo, lakini karoti zake hazina mfano kuanzia hapa mpaka Irente, kwa hiyo namvumilia.

Leo darasani wamekuja kumi na tisa. Tunasomea katika banda la farasi, na nyuma ya ukuta wa mbao wanalala wenyewe, Shangazi, Kahawa na Mkoloni. Mkoloni alipiga chafya muda wote wa imla.

Alhamisi, 5 Aprili

Mvua kutwa nzima. Sikutoka.

Jumatatu, 9 Aprili

Katibu Tarafa mpya ametutembelea. Anaitwa Bwana Kristofa, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Mbinga huko kusini, zamani alikuwa mwalimu. Alipanda kutoka barabarani kwa miguu na viatu vyake vikabaki nusu kwenye tope, lakini hakulalamika. Alimwamkia Mzee Sefania, mtunza farasi wetu, shikamoo kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha akachukua chaki akatuandikia sentensi ubaoni, na jamani, mwandiko ule! Herufi zimesimama sawasawa, hakuna inayomwegemea mwenzake. Nilitamani asiufute.

Ametuagiza kila chama cha kisomo katika tarafa kiandike historia yake fupi na kuipeleka ofisini. Amesema, "Nataka kujua mlianzaje na mmefika wapi." Mtu wa ofisi kutuuliza sisi tulianzaje! Sijawahi kuulizwa swali hilo tangu nizaliwe. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, 14 Aprili

Leo nimekaa na Mzee Sefania kutwa, yeye anasema, mimi naandika. Yeye na marehemu mume wangu walikuwa masaisi, watunza farasi, katika shamba la bwana mmoja Mzungu hapo bondeni, kabla ya Uhuru. Kila Mwaka Mpya Wazungu wa milimani walikuwa wakikusanyika na kushindanisha farasi zao. "Tukikimbia ni sisi, vikombe wanapewa wao," alisema Mzee Sefania. Bwana yule alipofunga mizigo akaondoka, mwanzoni mwa mwaka 1962, aliacha nyuma majike wawili na dume mmoja, maana meli haikuwa na nafasi ya farasi. Hawa wa leo ni watoto wao.

Saba Saba ya mwaka ule, masaisi wakasema, sasa tukimbie wenyewe. Mbio zilianzia kwenye daraja la miti, zikapanda mpaka kwenye mkaratusi mkubwa ulioko ukingoni mwa mlima, halafu kurudi. Kule juu kulikuwa na ukungu, huoni mtu. Mzee Sefania akarudi wa kwanza, na mume wangu akaapa kwamba Sefania hakuufikia mkaratusi, alikata kona katikati. Waligombana mpaka wakataka kushikana mashati. Wiki nzima hawakusalimiana, na wote wawili waliimba kwaya moja.

Mwalimu Fanueli, aliyekuwa mwinjilisti wetu kabla ya kuhamishiwa Mtae, ndiye aliyepata dawa. Alisema, "Rudieni mbio. Mimi nitatundika ubao kwenye mkaratusi, nitaandika neno. Atakayerudi aniambie kimeandikwa nini, nitajua kafika." Wakakimbia. Mzee Sefania akarudi tena wa kwanza. Neno gani? Akajikuna kichwa. "Nimeona kikombe, halafu ngazi, halafu kikombe tena, halafu sikio lenye mguu, halafu kikombe cha tatu." Lilikuwa neno UHURU.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini Mzee Sefania hakucheka, wala mume wangu hakucheka, kwa sababu yeye aliyekuja nyuma aliona vikombe viwili tu. Jumatatu iliyofuata wanaume wote wawili walikuwa bandani mbele ya Mwalimu Fanueli na mkaa mkononi. Juma la pili tukaingia wanawake. Ndivyo chama kilivyoanza, na ndiyo sababu ya desturi yetu mpaka leo. Kila Saba Saba mwandishi wa chama hutunga maneno mapya na kuyatundika pale kwenye mkaratusi, na mpanda farasi akifika lazima asimame, asome kwa sauti mbele ya shahidi, ndipo ageuze. Asiyeweza hubaki palepale mpaka aweze. Mwaka 1966 Hezekia, mwana wa Mzee Sefania, alibaki pale mpaka adhuhuri kwa ajili ya neno "maendeleo". Mwaka uliofuata hakukosa darasa hata siku moja.

Nimeandika kurasa sita. Mkono unauma na nina furaha.

Jumatano, 25 Aprili

Barua imekamilika. Nimeisoma darasani mara mbili, wote wakapiga makofi. Mwisho nimeweka shukrani zetu kwa Bwana Katibu, na wanachama wameamua tumpelekee jogoo, kama tunavyomfanyia mgeni yeyote aliyetuheshimu. Mwanaidi ameshuka Lushoto na karoti zake, barua kifuani na jogoo kapuni.

Alhamisi, 3 Mei

Hakuna jibu. Kabichi zinaoza kwa maji.

Alhamisi, 10 Mei

Jibu limekuja. 

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Selemani, ameniletea barua yangu mwenyewe, imerudishwa. Kurasa sita za historia hazijaguswa. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho kuna mistari ya wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika hivi: "Kwa kuja kwako kututembelea, tunakuhongea sana Bwana Katibu. Pokea jogoo huyu, ni hongea yetu sisi wanakisomo." Neno hongea limezungushiwa duara mara mbili, na pembeni ule mwandiko mzuri umeandika: "Hongo kwa mtumishi wa umma, tena kwa maandishi!"

Ee Mungu wangu. Kila Mshambaa anajua hongea ni asante. Tunaisema asubuhi na jioni, mtoto akipewa kiazi anaambiwa aseme hongea. Asante naijua, naiandika ubaoni kila wiki. Lakini siku ile nilitaka kushukuru kwa moyo, na neno la moyoni likatoka la nyumbani, mimi nikalivika Kiswahili nikaona limependeza.

Bwana Selemani alikaa kitini kwangu kama aliyefiwa. Tumeitwa ofisini Jumatatu. Tena, barua ya ofisi aliyokuja nayo inasema mbio za farasi zimepigwa marufuku na darasa limefungwa mpaka hapo itakapoamuliwa vinginevyo.

Jumapili, 13 Mei

Nilikwenda kanisani. Sikusikia neno hata moja.

Jumatatu, 14 Mei

Tulikwenda watatu, mimi, Bwana Selemani na Mzee Sefania. Jogoo wetu yuko hai, amefungwa mguu kwenye meza ya karani na karatasi shingoni imeandikwa KIDHIBITI. Aliwika kila Bwana Kristofa alipofungua mdomo.

"Mama Yunis," alisema, "neno hili nimelitafuta katika kamusi. Honga, hongea, hongo. Umelitumia mara mbili, na mara ya pili umelifungia jogoo."

Nikamweleza. Nikamwambia amuulize karani wake, ambaye ni Mshambaa wa Kwemuungo kabisa, nilimbeba mgongoni akiwa mtoto. Karani akainamia mashine yake ya chapa kana kwamba herufi zake zimeibiwa. Bwana Kristofa akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Nadhani aliniamini. Ndicho kinachoniudhi zaidi, kwamba aliniamini.

"Hata kama," akasema. "Jalada limeshakwenda wilayani. Niandikie barua ya kukiri kosa na kuomba radhi, nami darasa nitalifungua."

"Kukosea neno nimekosea, nakiri hata sasa hivi," nikasema. "Kuhonga sikuhonga. Hilo sitaandika."

"Mama, ni sentensi moja tu."

"Wewe ulikuwa mwalimu, bwana. Ungemwandikisha mwanafunzi wako sentensi ya uongo?"

Bwana Selemani akanikanyaga mguu chini ya meza. Bwana Kristofa akafunga jalada. Akasema mbio hazipo tena, radhi iwepo au isiwepo. Farasi ni mabaki ya ukoloni, hawalimi, wanakula majani ya ng'ombe, na Jumamosi tarehe 14 Julai litakuja lori kuwashusha Mombo wakauzwe. "Tumepata Uhuru mwaka wa kumi na mbili sasa," alisema. "Mkoloni ameondoka."

Hapo Mzee Sefania akanyanyua kichwa. "Hajaondoka, bwana. Nimemwacha zizini asubuhi hii, anakula."

Hata karani alicheka. Bwana Kristofa hakucheka, na tulitolewa nje.

Njiani Bwana Selemani alinisema vibaya. Kichwa kigumu, mwanamke wa kuangusha kijiji, nani kakutuma. Nikamwambia yeye ni mwenyekiti wa kukaa tu. Tumeachana kwenye daraja bila kuagana.

Jumatano, 16 Mei

Amri inasema tusikusanyike bandani kwa kisomo. Nimeisoma mara nne. Haisemi kitu juu ya jikoni kwangu.

Walikuja kumi na mmoja. Tulisoma tukimenya viazi.

Jumatatu, 21 Mei

Kumi na wanne. Viazi vinakwisha.

Jumatano, 30 Mei

Masika yamekatika. Sasa unakuja wakati wa baridi na ukungu, na watu nao wamekuwa baridi. Wapo wanaonipita njiani wakitazama migomba. Hezekia ameacha kuja. Ana wadhifa wa kutunza ghala la kijiji na anaogopa kuupoteza. Mkewe amesema kwenye kisima kwamba sentensi moja si kitu, Yunis angeandika tu yaishe. Nimesikia na nimekasirika. Tangu Mwalimu Fanueli aondoke nimewafundisha watu hawa kwamba maandishi ni kitu, leo wanasema sentensi moja si kitu!

Jumapili, 3 Juni

Nimekasirika bado.

Alhamisi, 7 Juni

Mzee Sefania na mimi tumeamua. Mbio zitakuwepo. Aliniuliza, "Unaogopa, mama?" Nikamjibu naogopa. "Na mimi," akasema, na tukaendelea kupanga.

Kuna farasi watatu na mpandaji mmoja wa miaka sitini na nane. Vijana wote niliowauliza wana safari, wana tumbo, wana mama mgonjwa. Mwanaidi alinisikiliza nikilalamika, akaweka jembe chini. "Mimi nawanywesha farasi wale maji kila siku mwaka wa sita huu, na wanaporudi kutoka mtoni unadhani nawasukuma? Napanda. Nipe Mkoloni. Mvivu, lakini tunaelewana." Nikamwambia hajawahi kukimbia mwanamke. Akasema hajawahi kukatazwa pia, leo ndiyo wamekatazwa wote pamoja, kwa hiyo tuko sawa.

Jumatano, 13 Juni

Ukungu. Umande umelala kwenye kabichi mpaka saa sita.

Jumamosi, 16 Juni

Tumefanya mazoezi asubuhi, chini ya mkaratusi. Tulipokuwa tukishuka, tukakutana uso kwa uso na Bwana Selemani. Mwanaidi juu ya Mkoloni, Mzee Sefania juu ya Shangazi, mimi nimeshika hatamu za Kahawa. Hakuna la kuficha.

Bwana Selemani alitoa leso, akapangusa miwani, akaivaa, akaivua tena. "Ukungu wa mwaka huu si mchezo," alisema. "Mimi sioni hata mkono wangu." Akapita. Baada ya hatua chache akasema bila kugeuka, "Yule wa kati anachechemea mguu wa nyuma, mtazameni kwato."

Tulimtazama. Kulikuwa na jiwe.

Jumapili, 17 Juni

Nimekuwa nikimfikiria Bwana Selemani. Nadhani nilimkosea.

Jumatatu, 25 Juni

Jikoni ishirini na watatu. Wengine walikaa nje, mlangoni, wamejifunika mablanketi. Nadhani hawakuja kwa ajili ya herufi tu.

Jumapili, 1 Julai

Hezekia alikuja baada ya ibada, kofia mkononi. Hakusema samahani wala hakuzungumza habari za ghala. Alisema, "Shikamoo mama. Kahawa ana mtu?" Nikasema marahaba, hana mtu. Akasema, "Sasa anaye." Mkewe alikuwa nyuma yake amebeba kikapu cha viazi kwa ajili ya darasa. Nimevipokea na sikumkumbusha maneno ya kisimani. Ilinigharimu.

Ijumaa, 6 Julai

Habari zimemfikia Bwana Kristofa. Jioni hii amepanda na mgambo wawili, ameuona ubao wetu mtupu kwenye mkaratusi ukisubiri maneno ya kesho, naye akatumia msumari na nyundo kupigilia tangazo lake juu yake. Mwanaidi alijificha kwenye shamba la mahindi akaona yote. Maneno yenyewe kanikaririsha, ameyaandika Katibu kwa mkono wake, kwa herufi kubwa:

NI MARUFUKU KUKIMBIZA FARASI KATIKA ENEO HILI. ATAKAYEKAIDI ATACHUKULIWA HATUA KALI.

Nilikuwa nimeshatunga maneno yangu ya mwaka huu, nimeyakeshea wiki nzima, na sasa hayana pa kukaa. Nilitaka kulia. Mwanaidi aliniangalia, akaanza kucheka polepole, halafu kwa nguvu mpaka akashika mlango. "Wewe si mwandishi wa chama? Desturi inasemaje? Mpanda farasi asome nini?"

"Kilichoandikwa ubaoni," nikasema.

"Sasa?"

Nimemkumbatia, kitu ambacho sijamfanyia katika miaka ishirini ya ujirani.

Jumamosi, 7 Julai. Saba Saba.

Nilifika kwenye mkaratusi mapema, mimi ndiye shahidi. Bwana Kristofa alikuwa ameshafika, amesimama kando ya tangazo lake na koti limelowa ukungu. Mgambo wawili walikuwa wamejikunyata nyuma ya shina. Niliwatambua, vijana wa huku huku milimani.

"Onga mshi," nikawasalimu kwa Kishambaa. Wakaitikia, halafu wakamtazama mkubwa wao.

"Mama Yunis, rudi nyumbani," alisema Bwana Kristofa. Hakuwa na ukali. Alionekana hajalala.

"Mimi ni shahidi, bwana. Nipo kazini."

"Shahidi wa nini? Hakuna mbio."

Kutoka bondeni tukasikia vigelegele. Kijiji kizima kilikuwa darajani. Nilijua watakuja wachache, sikujua watakuja wote. Kisha tukasikia kwato. Ukungu ulikuwa mzito, kwa hiyo tulisikia kwanza, tukasubiri, na Bwana Kristofa akawaambia mgambo wakae tayari. Tayari kwa nini, hakusema, na farasi anayekuja mbio si kitu cha kusimamia mbele.

Wa kwanza kutokea alikuwa Hezekia juu ya Kahawa. Akavuta hatamu mpaka Kahawa akasimama hatua tatu kutoka kwenye mkaratusi. Akaliona tangazo. Akaniona mimi, akamwona Katibu. Uso wake uliiva.

"Soma!" nikasema.

Akasoma. Alianza kwa sauti ndogo, halafu akajisahau, akasoma kama anavyosoma kanisani zamu yake ikifika. "Ni marufuku kukimbiza farasi katika eneo hili! Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali!"

"Umesoma sawasawa," nikasema. "Pita."

Akageuza akapotea kwenye ukungu. Bwana Kristofa alikuwa ameinua mkono, mkono ukabaki hewani.

Wa pili alikuwa Mzee Sefania. Shangazi alikuwa anatoa mvuke na mzee mwenyewe anahema. Aliinama mbele juu ya shingo ya farasi, akalitazama tangazo kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Soma, mzee."

"Ni... ma... maufuku..."

Mzee Sefania hana r kinywani mwake, hajawahi kuwa nayo, sisi Washambaa wote tumeipata kwa shida. Nilitaka kumsaidia lakini shahidi haruhusiwi.

"Ma-ru-fu-ku," alisema Bwana Kristofa.

Hata Shangazi alitulia. Sidhani alikusudia, ilimtoka tu. Alikuwa na mwanafunzi mbele yake amekwama kwenye silabi ya pili, na miaka yote ile ya ualimu ikafungua mdomo kabla Katibu hajaufunga.

"Ma-ru-fu-ku," alirudia Mzee Sefania polepole, akaonja kila kipande. Halafu akasoma lote mpaka mwisho, mpaka "hatua kali," bila kukwama tena. "Asante, mwalimu," akasema, akamgusa Shangazi kwa kisigino.

Mmoja wa mgambo aligeuka upande wa pili na mabega yake yakawa yanatikisika.

Mkoloni alifika baada ya muda mrefu sana, akitembea. Mwanaidi alikuwa amekaa juu yake na kanga mbili na blanketi, kama anakwenda arusini. Alisoma tangazo lote bila kosa, kisha akauliza, "Bwana Katibu, hili katazo ni la kukimbiza. Huyu wangu unamwona anakimbia?"

Akageuza na kwenda zake. Hakuna aliyemzuia. Hezekia alishinda, na kule chini walimpokea kwa ngoma.

Bwana Kristofa alibaki amesimama. Nilijiandaa kukamatwa, nilikuwa nimefunga hata nguo za kubadilisha. Badala yake akaniuliza, "Yule mzee ameanza kusoma mwaka gani?"

"Imo kwenye historia, bwana. Ukurasa wa pili. Ulituomba mwenyewe."

Aliteremka peke yake, mgambo wakamfuata kwa mbali.

Jumapili, 8 Julai

Mwili wote unauma kama ni mimi niliyepanda.

Alhamisi, 12 Julai

Barua imekuja. Habari ya lori iko palepale, Jumamosi. Hakuna neno jingine.

Jumamosi, 14 Julai

Lori limekuja. Nyuma walikuwa wameweka nyasi na mbao za kuzuia farasi. Bwana Kristofa alishuka na fomu mkononi, na karani wake akashuka na kidau cha wino wa dole gumba. Nilipoona kile kidau damu ilinipanda kichwani. Kisomo cha miaka kumi na moja, na wanatuletea wino wa dole gumba!

Kijiji kilikuwa kimekusanyika mbele ya banda. Mzee Sefania alikuwa amesimama mlangoni ameegemea mhimili.

"Fomu hii ni ya makabidhiano," alisema Bwana Kristofa. "Mwenye farasi aandike jina na sahihi kwamba amewatoa kwa hiari. Nani mwenye farasi?"

Mzee Sefania akafungua mdomo. Lakini aliyesema hakuwa yeye. Bwana Selemani alikohoa, akavaa miwani yake, akapita mbele.

"Bwana Katibu, hapa ni kijiji cha ujamaa. Tangu mwaka 1970 shamba na vyote vilivyomo ni mali ya wote, ofisi yako inayo nakala. Hakuna mwenye farasi. Kila mwanakijiji ni mwenye farasi. Mimi naanza."

Akachukua kalamu, akainamia boneti ya lori, akaandika jina lake lote, Selemani, na la baba yake na la babu yake. Mbele ya jina, pale palipochapwa NIMETOA, akapiga mstari, akaandika: Sitoi.

Akanipa kalamu mimi. Nikaandika Yunis, mjane wa Nikodemo. Sitoi. Mzee Sefania akaandika kwa herufi kubwa mno, akala mistari mitatu. Sitoi. Hezekia. Mkewe wa kisimani, sitoi. Mwanaidi aliandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni utotoni, halafu akaandika tena kwa hizi zetu, akasema yeye anasema sitoi mara mbili. Wazee ambao hawajashika kalamu tangu mtihani wao wa kisomo walisimama kwenye foleni wakijaribu majina yao hewani kwa kidole. Bibi mmoja wa juu ya mlima, ambaye huja darasani kwa kujificha ili wakwe zake wasijue, aliandika mbele ya wakwe zake. Karani alikuwa amefungua kidau cha wino mwanzoni. Baadaye nilimwona amekifunga. Kisha akaenda mwishoni mwa foleni, akasimama, maana na yeye ni mtu wa Kwemuungo.

Bwana Kristofa alikuwa pembeni ya boneti anasoma kila jina linapoandikwa. Mara moja alinyoosha kidole. "Huyu ameruka herufi."

"Jina lake mwenyewe hilo, bwana," nikasema. "Aandike anavyotaka."

Akarudisha kidole. Nilimtazama vizuri na nikaona hakuwa na hasira tena. Alikuwa anahesabu, na midomo yake inacheza kidogo kama ya mwalimu anayeita mahudhurio akakuta wote wapo.

Dereva akawasha sigara. "Bila sahihi ya kutoa mimi sipakii," alisema. "Hati yangu inasema hivyo." Mwanaidi akamuuliza kama gari linarudi tupu, na kabla hajajibu magunia ya karoti yalikuwa yanapanda.

Fomu ilijaa kabla foleni haijafika nusu. Bwana Kristofa aligeuza upande wa nyuma, ukajaa nao. Akapekua mkoba wake, hakuna karatasi. Watu walikuwa bado wanasubiri na kalamu inapokezana. Akaniangalia mimi, akaliangalia daftari hili chini ya kwapa langu.

"Mama Yunis," alisema, "nisaidie karatasi."

Nimempa. Nimechana moja, nikachana ya pili, nikaacha kuhesabu. Walipomaliza walikuwa mia na arobaini na watatu, na karani akawa wa mwisho. Bwana Kristofa alizikunja karatasi zote pamoja, akazitia mkobani, akaniambia atazipeleka wilayani mwenyewe kwa mkono wake. Lori limeshuka Mombo na karoti.

Kwa hiyo huu ndio ukurasa pekee mtupu uliobaki katika daftari langu, na ninaandika kwa herufi ndogo ili nienee. Zile nyingine zilizokuwa tupu ziko njiani kwenda Lushoto, zimejaa majina ya watu wa Kwemuungo, na kila mmoja ameandika la kwake kwa mkono wake.